Asubuhi Baba Alipomwaga Baruti

Kuna harufu moja ambayo ikinipata njiani ni lazima nisimame: mafuta ya mashine yanayoungua taratibu juu ya chuma kinachokerezwa. Wiki iliyopita ilinikuta mtaa wa Doornfontein, nje ya karakana ya watu, nikasimama kama niliyesahau kwangu. Rafiki zangu wakanicheka. Wacheke tu, wao hawakulelewa na fundi bunduki.

Baba alizaliwa hapa Johannesburg, akakulia uhamishoni Morogoro. Huko ndiko alikojifunza kukereza chuma, na ndiko alikomwoa Mama. Waliporudi, alifanya kazi miaka mingi katika duka la mtu mwingine kabla ya kupata leseni na karakana yake mwenyewe, chumba kimoja nyuma ya fundi viatu, mtaa wa Malvern. Bunduki ya kwanza kutoka humo kwa jina lake ilikuwa ya mkulima mmoja mrefu tuliyemwita Oom Faan, yaani Mjomba Faan kwa Kiafrikana, aliyetaka kumpiga tandala akiwa ng'ambo ya bonde. Ikimpendeza, angewaambia wawindaji wenzake. Isipompendeza, angewaambia pia.

Kwa wiki mbili Baba alichonga ndani ya mtutu ule mahali pa kukaa risasi. Alikata kidogo, akatoa chombo, akafuta kwa kitambaa, akapima, akarudia. "Mwenda pole hajikwai," aliniambia. Nilikuwa na miaka minane na niliona pole yake imezidi.

Jumamosi ya kuikabidhi bunduki, kazi iliyobaki ilikuwa kujaza maganda ya risasi. Bunduki kama ile Baba hakuilisha risasi za dukani. Kila ganda alilipimia baruti yake kwenye mizani ndogo, moja moja. Na pale mezani palikuwa na sheria: hapasemwi neno. Redio ilizimwa. Ukiingia, Baba aliinua kiganja, nawe ukanyamaza. Hata Mama alishainuliwa kiganja mara nyingi, akawa anasema ameolewa uke wenza na mizani.

Oom Faan alikuwa kwenye stuli akitazama saa, maana alitaka kuianza safari ya Limpopo kabla ya saa nne. Mama akanituma nipeleke chai. Sasa niseme ukweli: mwaka ule nilikuwa nimekiacha Kiswahili. Shuleni kilifanya niitwe mgeni, kwa hiyo nyumbani nilijibu kwa Kiingereza, na Baba nilimpitia kwa "hi" ya juujuu. Asubuhi ile Mama alikuwa amenisema mpaka nikaona haya. Basi nikaingia na trei, nikamwona mgeni, nikataka ajue kuwa nimelelewa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Kisha mkono wake ukasimama hewani. Mbele yake kulikuwa na maganda arobaini, na hakujua tena kama lile aliloshika limeshapata baruti yake au bado. Ganda likijazwa mara mbili, bunduki inaweza kumpasukia mwenyewe usoni. Baba akaanza kuyamwaga yote kwenye bakuli.

"Eish, mulika tochi ndani, si utaona?" alisema Oom Faan kwa Kiingereza chake kizito.

"Nitaona," Baba akamjibu. "Lakini jicho langu nalo linataka uwahi safari. Leo siliamini."

Oom Faan alitoka akaubamiza mlango wa bakkie, pikapu yake. Nililia palepale, nikijua nimeshaifunga karakana ya Baba. Yeye alianza upya, ganda la kwanza. Baada ya muda mrefu mlango ulifunguka, Oom Faan akarudi kwenye stuli, akakaa kimya mpaka ganda la mwisho. Aliondoka saa saba. Aliporudi kutoka mawindoni alimleta ndugu yake, na ndugu yake akaleta bunduki mbili.

Miaka yote nilidhani nilichofunzwa siku ile ni kumwaga baruti. Ni funzo zuri. Leo nakereza mwenyewe, na nimemwaga mara nyingi bila kuona aibu. Lakini juzi nilimwuliza Baba kwa nini mimi hakuniinulia kiganja, ilhali aliwanyamazisha wote. Akanitazama kama nimeuliza jambo lililo wazi.

"Miezi saba ulikuwa hujaniamkia," akasema. "Baruti inamwagwa, inapimwa tena. Salamu ile ningeipima tena wapi?"

Na mimi, miezi saba yote ile, sikujua kabisa kuwa alikuwa akingoja.