Siku Niliyonyamaza Bendera Ikipanda

Mimi si mtu wa kusamehe. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, nami sikuwahi kumkatalia. Kwa hiyo nikimtaja fundi wa majeneza aliyekuwa jirani yangu kazini, msitarajie maneno laini.

Vibanda vyetu vya mabati vilikuwa nyuma ya maghala, upande wa Migori ambako wanajeshi wana uwanja wao wa ndege. Kati yetu na wao palikuwa na ua wa seng'enge na ubao uliosema eneo hili ni la kazi tu, ni marufuku kulala. Mchana kutwa palisikika misumeno, nyundo na mashine za kusaga mahindi. Jua likianza kuzama kila mtu alifunga kufuli akaenda kwake.

Mimi sikuwa na kwangu. Kaka yangu mkubwa alikuwa hajajenga, na kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kujenga katika boma la baba. Kupanga chumba mjini nilikuona ni kuwashibisha watu wengine. Basi nikatundika pazia ndani, upande wa nyuma wa kibanda changu cha kuchomelea milango ya chuma, nikamweka mke wangu huko pamoja na binti yetu wa miezi minne.

Mke wangu hakupapenda. Alisema mtoto anashtuka kila ndege inaponguruma na anakohoa kwa moshi wa vyuma. Nilimwambia atazoea. Aliomba aende kwa mama yake Ndhiwa kwa muda, nikakataa, maana mwanamke akirudi kwao na mtoto mchanga watu hupata la kusema, na mimi sipendi kusemwa.

Asubuhi moja msimamizi wa eneo akaja na askari wawili. Hawakuuliza kitu. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye pazia, wakatoa godoro, sufuria na beseni la mtoto, wakavimwaga njiani mbele ya watu. Mke wangu alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka kwenda Ndhiwa bila kulia. Aliyejua siri yetu alikuwa mtu mmoja tu, yule fundi wa majeneza, ambaye hufika kabla ya wengine na ndiye aliyekuwa akitupa maranda ya kuwashia jiko. Siku hiyo alipiga randa yake bila kuinua kichwa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka.

Miezi mitatu ilipita. Nilienda kumwona mtoto mara mbili. Kwetu mume halali kwa wakwe zake, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti sebuleni, mama mkwe akaniletea chai, kisha mtoto akaletwa ameogeshwa na kupakwa mafuta kana kwamba mgeni ni mimi. Na kweli nilikuwa mgeni. Mara ya pili aliponiona alilia, ikabidi wamchukue kutoka mikononi mwangu. Nikarudi Migori nikiapa kwamba yule mzee atanilipa machozi yale.

Sasa nieleze jinsi tulivyofanya kazi pale. Helikopta kubwa ya jeshi ikikaribia kutua, wanajeshi walikuwa wakipandisha bendera nyekundu. Kibanda changu kilikuwa cha mwisho, kwenye ua, na ni mimi peke yangu niliyeweza kuiona. Kazi yangu ilikuwa kugonga mara tatu rimu ya lori tuliyoitundika kwenye nguzo. Wenzangu wakisikia hufunika rangi mbichi kwa turubai na kukandamiza mabati kwa mawe, kwa kuwa upepo wa dude lile hubeba vumbi lote jekundu la uwanja na kutumwagia sisi.

Alhamisi moja fundi alikuwa ametoa jeneza nje na kulipaka vanishi ya mwisho. Mjane mmoja wa kutoka Magunga alikuwa ameketi kwenye benchi akilingoja, kwani mumewe alikuwa atolewe mochari kesho yake asubuhi. Fundi aliingia ndani kusafisha brashi. Hapo bendera ikapanda.

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nilitazama rimu, nikatazama jeneza linavyong'aa, nikaiweka nyundo chini taratibu na kuinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kwamba wengine nao wangeharibikiwa nilijua. Sikujali.

Helikopta ilipopita, jeneza lilikuwa kama samaki aliyeviringishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa. Mjane akainuka, akaanza kulipangusa kwa leso yake, na leso ikanata kwenye vanishi ikaacha nyuzi. Nilifurahi. Sisemi uongo, nilifurahi.

Fundi akatoka, akatazama. Hakunung'unika. Alimwomba mjane msamaha, akasema labda rimu imegongwa na masikio yake ya uzee hayakusikia. Kisha akachukua msasa na kuanza kazi upya. Furaha yangu ikaharibika palepale. Kisasi kisichojulikana na mwenyewe ni kisasi gani? Nikamwendea.

"Jaduong', mzee wangu, bendera niliiona," nikamwambia. "Nikanyamaza makusudi. Wewe ndio ulitusema kwa msimamizi."

Aliendelea kusugua kidogo, halafu akaacha.

"Ni mimi," akasema. "Lakini ni bibi yako alinituma, omera, ndugu yangu. Alikuja na mtoto akakaa hapo kwa benchi, hapo mama amekaa. Akasema mtoto anashindwa kupumua na wewe umekataa waende. Akaniambia, askari wakitutoa, mume wangu hatakuwa na la kusema."

Nilimwita mwongo. Nikatoa simu, nikampigia mke wangu mbele yake, nikitaka mzee amsikie akikana, aaibike. Nilimuuliza kama ni kweli. Nyuma yake nikasikia mtoto akicheka na mtu.

"Ni kweli," akasema. "Baba, huyu mtoto aliacha kukohoa wiki ile ile tulifika. Umekuja mara mbili umemshika. Hukuona?"

Nilikata simu. Fundi alikuwa amerudi kwenye jeneza lake, na mjane alikuwa akinitazama, leso yenye vanishi imekunjwa mapajani. Sijamsamehe yule mzee, wala mke wangu sijamsamehe. Lakini ni kweli kwamba nilikuwa nimemshika mtoto mara mbili na sikuona.