Meza ya Posa na Msumeno Wangu

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu mtaani kwetu hapa Wete washalijua wote, na kila anayelisimulia anatia chumvi yake, basi bora mulisikie kwangu mie mwenye aibu yangu.

Mie ni karani, mikono yangu imezoea muhuri na kikombe cha chai, lakini nilipoanza kuangalia video za mafundi kwenye simu nikajiona fundi (wale watu wanapasua mbao huku wanatabasamu, ungedhani wanakata keki), nikaagiza msumeno wa meza kutoka Unguja, ule ambao duara la meno linachomoza katikati ya meza ya chuma na weye kazi yako kusukuma mbao tu. Mke wangu, Bi Mize, alipouona uani aliniuliza vidole nitabakisha vingapi.

Basi wazee wa kijiji cha Msuka wakaleta salamu kwamba Ijumaa baada ya sala watakuja kumposa binti yetu Zuwena. Bi Mize akataka tuazime meza ndogo ya chai kwa jirani. Nikasema haiwezekani, wageni wa posa wanywee chai juu ya meza ya kuazima na mie nina mashine yangu uani? Hapo ndipo nilipojiponza.

Meza niliitengeneza, na ikasimama, ila mguu mmoja ulikuwa mrefu. Nikaupunguza, ukawa mfupi, nikaipunguza mitatu iliyobaki iufuate, ukazidi mwengine, nikaendelea hivyo hivyo mpaka meza iliyotakiwa kufika magotini ikalingana na mbuzi ya kukunia nazi, na bado inayumba. Nikachomeka kipande cha boksi chini ya mguu, nikavaa kanzu, nikajifukiza udi.

Wageni wakafika. Mkubwa wao alikuwa Mzee Faki, ami yake kijana anayeposa, mtu wa maneno machache, kanzu nyeupe na kofia ya viua. Akainama kufuata kikombe (masikini, aliinama kama anayechimba muhogo), mkono ukaegemea ukingo wa meza, boksi likachomoka, na chai ya maziwa yote ikammwagikia kanzuni. Akasema si kitu. Mwenye akili angeomba radhi akaenda kwa jirani, lakini mie nikawaambia wanisubiri kidogo tu, nikaibeba meza hadi uani, wazee kwa adabu zao wakanifuata, na majirani waliokuwa wakichungulia posa juu ya ukuta wakapata cha kutazama.

Nikaulaza mguu uliozidi juu ya msumeno, nikakunja mikono ya kanzu, nikawaeleza wageni kazi ya kila kitufe kama mwalimu, nikawasha, nikasukuma. Kipande kikabanwa baina ya meno na kizuizi cha pembeni, kikafyatuka kuja upande wetu, kikanipita ubavuni, kikaondoka na kofia ya Mzee Faki aliyesimama nyuma yangu, kikatua kwenye bati la jirani kwa kishindo, kuku wa mtaa mzima wakapiga kelele.

Na mie nikakimbia. Baba wa binti anayeposwa, na kanzu yangu na udi wangu, nikajificha nyuma ya tangi la maji, msumeno unanguruma peke yake mpaka Bi Mize alipouzima akaja kunichukua.

"Baba Zuwena," aliniambia polepole, "hajafa mtu. Toka, wageni wanakungoja."

Nikatoka. Mzee Faki kasimama kichwa wazi, anajipapasa kipara kuhakikisha kipo. Dirishani nikamwona Zuwena kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka. Nikajisemea mwanangu nishamvunjia posa yake.

Tukarudi ndani, tukakaa. Mzee Faki akakohoa.

"Sisi binti tumemridhia," alisema. "Tuna sharti moja tu. Kitanda cha harusi tutanunua wenyewe, na weye, Bwana, hata kukifunga usitusaidie."

Nikakubali kabla hajamaliza.

Harusi ilifanyika, na wapo salama. Msumeno sikuugusa tena na sitaugusa. Bi Mize kautia ukumbini, duara la meno kalishusha ndani, kautandika kitambaa cha maua, ndiyo meza yetu ya chai, na mgeni akiusifu uzito wake naitikia alhamdulillahi. Waya wa umeme kauficha yeye, sijui wapi, na sijauliza.