Masizi Kwenye Komeo

Tak.

Mlio mmoja tu, mfupi na mkavu, kama mtu aliyesema lake akafunga mdomo. Hivyo ndivyo lilivyofunga komeo la bunduki ya kwanza ambayo baba yake alimwekea mikononi, tupu, imeshakaguliwa mara tatu kama haina risasi. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Hiyo nzuri," baba akamwambia. "Siku ukisikia tak yenye kivuli, tak-ka, irudishe kwa mwenyewe. Sikio kwanza, halafu masizi."

Sikio akalishika. Masizi ya kupaka kwenye komeo akayaacha baba alipofariki, maana kwa miaka yote ya kufanya kazi pamoja hayakuwahi kumwambia kitu ambacho sikio lilikuwa halijamwambia. Mtaa mzima wa mafundi ukamsahau jina, ukamwita Sikio, naye akaitika.

Kazi yake ni kupima thamani ya bunduki za kuwindia za bei ya chini, zile ambazo kila ukipiga risasi moja unavuta komeo kwa mkono ndipo upige nyingine. Za bei ghali hazipendi sana. "Zile zinajisemea zenyewe," husema. "Hizi zangu zinataka wakili." Ana maneno ambayo kila mteja ameshayasikia: bei ikiwa ndogo, ujue kuna mahali kiwanda kimebana, kazi yake ni kutafuta kimebana wapi. Kikibana kwenye mbao, sawa. Kwenye rangi, sawa, nguruwe mwitu haulizi rangi. Kwenye mtutu au kwenye komeo, hapana. "Uso wa mtu uko hapo nyuma," humalizia, na hapo hatabasamu.

Duka ni chumba kimoja. Kuna dirisha la nondo, meza mbili, blanketi la kijivu juu ya meza kubwa, sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa misumari minene kama vidole gumba, na daftari la leseni. Meza ndogo ni ya binti yake, fundi wa mitutu, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Juu kabisa kwenye rafu, kopo la masizi la marehemu baba yake lilikuwa linakula vumbi.

Mwaka huu redio ya dukani ilianzisha ugomvi wa kimyakimya. Sikio, mama mtu, anaipandisha sauti, binti anaishusha, mama anaipandisha tena.

Asubuhi moja wakaingia watu wawili. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa wakulima, aliyetumwa na wenzake kuchagua bunduki ya aina moja kwa walinzi sita wa mashamba. Nguruwe walikuwa wanalala ndani ya mahindi kama wamepanga chumba. Wa pili alikuwa dalali aitwaye Kiatu, kwa sababu ya viatu vyake vinavyong'aa kuliko kazi yake. Alibeba bunduki mbili za bei karibu sawa. Moja ilikuwa ya mbao nyekundu iliyochorwa majani. Nyingine ilikuwa na kitako cha plastiki nyeusi.

"Hiyo ni bunduki au mpini wa ndoo?" mwenyekiti akauliza.

"Nimeileta ili ile nyingine ionekane nzuri, mzee," Kiatu akajibu, na wote wakacheka.

Sikio akafungua komeo la kila moja, akachungulia, akaingiza kidole kidogo kuhakikisha hamna kitu. Akaelekeza mitutu dirishani: yote miwili safi, mifuo yake, ile mistari ya kuizungusha risasi, imejizungusha vizuri ndani. Akapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako kuona kama mtutu haubanwi. Kikateleza bila kukwama. Bunduki nyeusi ilikwaruza kidogo alipovuta komeo. Ya mbao ikateleza kama sabuni. Akafumba macho, akaifunga.

"Safi," akasema, kwa ile sauti yake isiyoombwa kurudia. "Mwenyekiti, chukua sita za hii."

Kiatu akapiga kofi moja la furaha.

Kwenye meza ndogo, binti akainua kichwa. Yeye alikuwa amesikia tak-ka. Kumsahihisha mama mbele ya wateja, mdomo haukukubali. Akapanda kigoda, akashusha kopo, akalifuta vumbi kwa aproni, akaliweka juu ya blanketi.

"Mama, babu alikuwa anamalizia na hili."

Sikio akalitazama kopo, kisha akamtazama binti. Jibu lilikuwa tayari ulimini, jibu la miaka arobaini na tisa: sikio langu halijawahi kukosea. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshaichukua ile bunduki nzuri, ameilaza shavuni anapima uzito, na shavu lake lenye mvi lilikuwa pale pale, nyuma ya komeo.

"Ilete, mzee," Sikio akasema.

Akachomoa komeo. Mbele yake lina vipembe viwili vya chuma ambavyo hushika ukuta wa chuma nyuma ya mtutu wakati risasi inalipuka. Akavipaka masizi kwa brashi, akalirudisha, akafunga na kufungua mara tano, akalichomoa tena. Kipembe kimoja kilikuwa kimesuguliwa hadi kinang'aa. Cha pili kilikuwa cheusi vilevile, hakijagusa kitu. Nguvu yote ingebebwa na kimoja.

Akafanya hivyohivyo kwa ile ya plastiki. Vyote viwili vikang'aa.

"Masizi tu hayo, Shangazi!" Kiatu akaruka. "Umeshasema safi."

"Nimesema. Sasa nasema nilikosea. Hii ya mbao kiwanda kimebana kwenye komeo, ndiyo maana kimeweza kulipia majani." Akamgeukia mwenyekiti. "Chukua mpini wa ndoo. Na zote sita zipite hapa mezani kwanza, moja moja, zipakwe."

"Kwa hiyo sikio limekosea?" mwenyekiti akauliza, nusu utani.

"Limechoka, mzee. Macho bado yana hamu ya kazi."

Mwenyekiti akacheka, akampa mkono kwa mikono miwili, akatia sahihi kwenye daftari. Kiatu akatoka anazivuta hatua. Bunduki zikabaki, zikisubiri karatasi za leseni.

Binti akarudi kwenye mtutu wake. Sikio akazima redio. Akaichukua ile nyeusi, akachungulia, akaingiza kidole, akafunga komeo. Akalifungua. Akalifunga tena, polepole, ameinamisha kichwa.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba binti aliacha tupa ili amsikie:

"Mwanangu, nisimulie. Imeliaje?"