Chembe za Lamwaka Hazifutwi

Lamwaka ni mtoto wa kambi ya polisi, na ubishi wake hakuupata shuleni. Baba yake, sajini mstaafu Ocira, alimfundisha kupiga saluti kabla hajajua kusoma. Kutii ndiko kulikomshinda kumfundisha.

Kaka yake, Ochan, ana selimundu. Chembe zake nyekundu za damu hukakamaa, zikajipinda na kukwama kwenye mishipa midogo, na maumivu yakimshika mguuni ni Lamwaka anayemkanda. Ndiyo maana chuoni alichagua kuigiza damu kwa kompyuta, chembe zikielea ndani ya plazma, zikisukumana, zikipenya mshipa mwembamba kuliko unywele.

Ajabu ni kwamba hata chembe ngumu za kwenye kompyuta zilipita salama. Kwa wiki tatu aliipekua programu tunayorithishana idarani, hadi akakuta mstari mmoja: chembe ikikwama, ifutwe, iingizwe nyingine. Uliwekwa zamani ili hesabu isisimame. Wote tuliutumia, hakuna aliyeuliza. Mimi Shamim ninasoma naye, na aibu hiyo ni yangu pia.

Akautoa. Damu ikasimama pale mshipa unapogawanyika. Alirudia mara saba, ikasimama mara saba.

Aliyeuandika mstari ule ujanani ni msimamizi wake, Dokta Abubaker. Alimwamuru aurudishe kabla ya Ijumaa, siku ya kutetea kazi yake, la sivyo shahada aisahau mwaka huu. Mzee Ocira akamsihi atii, mkubwa ni mkubwa. Hata mimi nilimwambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Alinicheka.

Ijumaa akasimama mbele ya wakubwa watano na picha ya mshipa ulioziba. Dokta akamuuliza, kwa upole wa kutisha, kama mstari umerudi. Hapo Kiingereza chote kikamtoka, akajibu kwa Kiswahili cha kambini, ambacho Dokta anakijua vizuri.

"Hapana, Dokta. Ya kompyuta ikikwama, nyinyi munafuta. Ya Ochan ikikwama, nani anafuta?"

Alipewa miezi sita ya kurekebisha, akatia sahihi. Jumatatu akatutumia programu wanafunzi wote wa idara, mstari ukiwa haumo.

Niliiendesha siku hiyohiyo. Damu yangu ya kompyuta nayo ilisimama, na matokeo nimempelekea Dokta mwenyewe, jina langu likiwa juu.