Jeneza la Mzee Ran Latangulia

Zamani mtu akifa kijijini kwetu, vijana waligombea nafasi ya kubeba jeneza, na waliokosa walinuna hadi matanga. Siku hizi vijana wote wako mbali, viwandani Guangdong, wakigundisha soli za viatu. Tumebaki wazee, wajukuu na mabata. Mwaka jana jirani yetu alipelekwa makaburini mlimani kwa toroli la injini la kubebea mbolea, likazimika katikati ya njia, marehemu akarudi kinyumenyume hadi mtoni.

Mzee Ran Guangde aliyaona hayo. "Mimi toroli halinibebi," akaapa. Akaamua kufa wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya, vijana wakiwa nyumbani.

Sikukuu ikafika, akalala, akasusa chakula. Alisusa mbele za watu tu, maana ndevu ziling'aa mafuta ya nguruwe.

"Baba, sikukuu imekwisha, basi letu linaondoka leo mchana," mwanawe Yong akalia. "Bosi hasubiri mtu!"

"Najitahidi, mwanangu. Kufa si kupiga chafya."

"Ran," nikamwambia, "tangu lini maiti akaomba pilipili?"

Yong akachoka. "Basi tukubebe sasa hivi ukiwa hai, yaishe!"

Mzee akaruka kutoka kitandani kama panzi. Jeneza lake jeusi, alilojiandalia mapema kama wazee wote wa kwetu, lilikuwa barazani miaka mingi, limejaa mahindi. Akayamwaga, akaingia, akakaa kitako na mbegu zake za alizeti.

Vijana wanane wakainua. Miguu iliyozoea viti vya kiwandani ikatetemeka.

"Babu, umekula mawe?"

"Pandeni, mayai nyie! Baba zenu walimbeba mama yangu huku wakiimba!"

Wimbo wa wabebaji hakuna aliyeujua. Mmoja akafungulia simu, ikatoa tangazo la shampuu. Ikabidi maiti aimbe mwenyewe, nao waitikie.

Walipofika kileleni tu, basi likapiga honi kule chini. Wakalitua jeneza kwa kishindo, wakateremka mbio.

"Baba, kwaheri! Jitunze!" Yong akapaza sauti bila kugeuka.

Ran akateremka peke yake, taratibu, akitema maganda ya mbegu. Jeneza likabaki juu. Nani angelishusha? Sisi?

"Sasa ukifa kweli, nani atakubeba?" nikamuuliza.

"Mzigo mzito umeshafika. Siku yangu ikikaribia, nitapanda kwa miguu."

Tangu hapo hupanda kila asubuhi kufukuza mbuzi wanaolala ndani ya jeneza. Mashavu yamemjaa, kikohozi kimekwisha. Atatuzika sote huyu, tena kwa toroli.