Fundi Anayejibana Pua

Fundi wa cherehani cha dirishani anajibana pua kutwa nzima. Anapiga mshono, anasimama, anaminya pua kwa vidole viwili na kujaribu kuvuta pumzi huku amefunga mdomo. Pumzi ikigoma, yuko macho. Ikipita, anaota. Anasema ukizoea mchana, hata usingizini mkono utafanya wenyewe, na ukishajua unaota, unafanya utakalo. "Wewe utafanya nini?" nilimuuliza. "Nitamjibu bosi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Nilitamani kumzaba kibao. Mikono yake inatunga uzi kwenye sindano bila hata kuangalia, lakini ulimi wake unangoja usingizi.

Jana bosi alimtupia gauni usoni mbele ya wateja, akamwita punda. Fundi akajibana pua, na kidoleni alikuwa amevaa subana, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Pua haikuziba vizuri, pumzi ikapita. Akatabasamu. Akasimama, akayasema yote bila haraka: "Mimi si punda. Huyu fundi mwenzetu mjamzito umemfungia choo kwa kufuli mpaka saa ya chakula. Punda ni nani hapa?" Ndipo fundi akaiona subana. Akaivua, akajibana tena, pumzi ikagoma. "Samahani, bosi," akasema, akainama kuokota gauni. Sisi wengine tulikuwa tumeshazima vyerehani na kusimama.