Fizi za Sila

Mtoto wa nyumba ya wasaga ufuta wa Nablus kutokula tahini, rojo la ufuta uliosagwa, ni aibu, na Hajja Wisal alihakikisha mtaa mzima unajua nani kaileta. Kaileta Rudaina, mke wa mwanawe, mtu wa Jenin, mama wa mtoto huyo, Sila. Kwa maoni ya Hajja, mzio wa ufuta ni ugonjwa wa watoto wanaodekezwa.

Rudaina hakuruhusu hata punje ya ufuta kupanda ghorofa yake. Mkate aliuoka mwenyewe. Hata hivyo Sila alivimba midomo mara kwa mara na kukimbizwa hospitali, na kila mara wauguzi walimwuliza mama amemlisha nini. Alichoka kuonekana mzembe. Usiku alianza kujishuku mwenyewe.

Sasa, hospitalini, Sila akiwa ameegemea magoti ya mama yake, Daktari Hanadi alitaka jibu. Kulikuwa na utafiti: watoto wanapewa ufuta kiasi cha vumbi, kila siku, wakiongezewa polepole mpaka mwili uzoee. Wengine huzoea. Wengine huvimba na kutolewa. Rudaina alitamani kukubali na aliogopa kukubali, na kilichomkera zaidi ni kwamba Hajja alikuja bila kualikwa akakalia kiti cha mama mtoto.

"Nyumbani atakayempa ni nani?" daktari aliuliza.

"Mimi," alisema Rudaina.

Hajja akacheka. "Wewe unayeogopa mkate? Daktari, niachie mimi. Kumzoesha nimeshaanza zamani. Nampaka tahini kidogo kwenye fizi, kama tulivyopakwa sote. Nyie wasomi ndio kwanza mnaamka."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mara ya mwisho lini?"

"Alhamisi."

Rudaina alimgeukia. "Alhamisi tulimleta hapa hawezi kupumua, mama."

"Alikuwa na mafua."

"Ukasimama pale mlangoni, mbele ya watu, ukaniuliza nimemlisha nini."

"Nisiulize? Mama yake si wewe?"

Nizar, mume, alikuwa ameinamia viatu vyake. "Mama alikuwa na nia njema," alisema.

"Nyamaza, Nizar," alisema Rudaina. "Nia njema kampelekee yeye akufulie nayo nguo."

"Umesikia anavyoongea na mume?" Hajja alimgeukia daktari. "Ndiyo maana mtoto haponi."

Daktari hakuingia kwenye ugomvi huo. Alisema kwa ukavu kwamba ufuta usiopimwa unaweza kuua, na kwamba hawezi kumwingiza kwenye utafiti mtoto anayelishwa kwa siri nyumbani. Hajja akajifunga vizuri mtandio wake. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha, na yeye ndiye aliyeshinda.

Hapo ndipo Rudaina alipojua anataka nini. Siku zote alikuwa akiogopa ufuta, kumbe adui wake alikuwa na miguu, na funguo za ghorofa yake anazo. Chembe iliyopimwa, mbele ya daktari, haikumtisha tena.

"Mwingize," alisema. "Anwani uliyonayo ifute. Kuanzia leo Sila anakaa Jenin kwa mama yangu, na mlango wa kule funguo zake ninazo mimi."

"Humchukui mjukuu wangu," alisema Hajja.

Rudaina alikuwa ameshamshika mtoto mkono. Nizar alinyanyuka nusu, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe mwulize mama yako," alisema Rudaina. "Kama kawaida."

Nizar akaketi tena.